Njia Isiyo Katika Ramani

Msomaji mpenzi, fikiri kwamba mgeni amefika mtaani kwenu jioni, nawe umetumwa kumwelekeza nyumba ya jirani. Huchukui karatasi wala rula. Wamwambia apite nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, akate kichochoro kilicho kando ya msikiti, avuke kijito kwa daraja la magogo, kisha ageuke kushoto penye mwembe. Mgeni huyo akitoa simu yake mfukoni na kuiuliza njia, huenda simu ikamwonyesha njia nyingine kabisa, yaani barabara ya lami izungukayo mtaa mzima. Ni nani asemaye kweli, wewe au simu? Na kwa nini mashine iliyoundwa kwa elimu nyingi hivyo isikijue kichochoro ambacho kila mtoto wa mtaani anakijua?

Swali hili laonekana dogo, lakini jawabu lake lina historia ya karibu miaka 300. Katika insha hii nataka tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kwa maana mtu ajuaye jinsi kitu kilivyoundwa hujua pia mahali ambapo kitu hicho chaweza kukosea.

Hatua ya kwanza ilianza katika mji wa Königsberg. Katika karne ya 18 mji huo ulikuwa katika Prussia. Leo huitwa Kaliningrad, nao umo katika nchi ya Urusi. Mto Pregel uliugawa mji katika sehemu nne za nchi kavu, na sehemu hizo ziliunganishwa kwa madaraja saba. Palikuwa na fumbo lililowasumbua watu: je, mtu aweza kutembea mjini akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja? Hapakuwa na mtu aliyeweza kuionyesha njia hiyo, wala hapakuwa na aliyeweza kuthibitisha kwamba haipo.

Mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, wakati huo alikuwa akifanya kazi katika mji wa St Petersburg. Mwaka 1735 aliwaeleza wenziwe wa Akademia ya Sayansi ya mji huo jawabu lake. Euler hakupima urefu wa madaraja wala upana wa mto. Aliona kwamba mambo hayo hayana kazi katika swali lile. Kilichotakiwa kujulikana ni kipi kimeungana na kipi. Alisema hivi: mtu apitapo mahali huingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine. Basi kila mahali pa kupita tu hapana budi pawe na madaraja ya idadi shufwa. Idadi witiri yaweza kuwapo mahali pawili tu, pale mwendo unapoanzia na pale unapoishia. Katika Königsberg kisiwa kimoja kiliguswa na madaraja matano, na kila moja katika zile sehemu tatu nyingine iliguswa na madaraja matatu. Sehemu zote nne zilikuwa na idadi witiri. Kwa hiyo matembezi yale yalikuwa muhali, na hapana mtu aliyehitaji kuchosha miguu yake tena.

Tazama jambo alilolifanya Euler. Aliuchukua mji mzima, pamoja na majumba yake, masoko yake na watu wake, akaugeuza kuwa alama nne zilizounganishwa kwa mistari saba. Hiyo ndiyo asili ya elimu inayotumiwa na programu zote za ramani hadi leo. Kwa mashine, mji si nyumba wala si miti. Mji ni makutano ya njia, na vipande vya njia viunganishavyo makutano hayo. Kila kitu kingine huachwa nje. Kuacha huko kuna nguvu, maana hurahisisha hesabu; lakini kuna hatari yake pia, kama tutakavyoona.

Fumbo la Königsberg liliuliza kama njia yapatikana. Halikuuliza ni njia ipi iliyo fupi. Swali hilo la pili lilishughulikiwa na wataalamu kadhaa katika miaka ya 1950, kompyuta zilipoanza kutumika, nasi tumtazame mmoja wao. Edsger Dijkstra, aliyezaliwa Rotterdam mwaka 1930, alikuwa mfanyakazi wa Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Mwaka 1956 kituo hicho kilikuwa na kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC, na ilitakiwa ionyeshwe mbele ya watu wasio wataalamu. Dijkstra alitafuta swali ambalo kila mtu angelielewa, akachagua hili: kutoka mji mmoja wa Uholanzi hadi mji mwingine, njia iliyo fupi ni ipi?

Asubuhi moja alikuwa akitembea madukani pamoja na mchumba wake. Walipochoka waliketi katika mkahawa kunywa kahawa, na hapo, katika muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, aliitunga kanuni yake kichwani. Katika maonyesho alitumia ramani iliyopunguzwa yenye miji 64. Mwaka 1959 kanuni hiyo ilichapishwa katika makala fupi ya kurasa tatu, nayo yafundishwa hata leo katika vyuo vya dunia nzima.

Usidhani kwamba kanuni hiyo ni ngumu. Chukua kalamu ujaribu pamoja nami. Tuseme kwamba kutoka nyumbani kwenu hadi sokoni ni mwendo wa dakika 4, na kutoka nyumbani hadi kisimani ni dakika 2. Kutoka kisimani hadi sokoni kuna kichochoro cha dakika 1. Kutoka sokoni hadi shuleni ni dakika 5. Kutoka kisimani hadi zahanati ni dakika 7, na kutoka zahanati hadi shuleni ni dakika 2. Wataka kufika shuleni upesi iwezekanavyo.

Kanuni ya Dijkstra yakuamuru uanze mahali ulipo, na kila mara ushughulikie mahali palipo karibu zaidi miongoni mwa mahali ambapo hujapamaliza. Mahali pa karibu ni kisimani, dakika 2. Simama hapo utazame mbele: sokoni sasa ni dakika 2 na 1, yaani 3, nazo ni chache kuliko zile 4 za njia ya moja kwa moja, basi futa 4 uandike 3. Zahanati ni dakika 9. Mahali pa karibu panapofuata ni sokoni, dakika 3. Kutoka hapo shuleni ni dakika 8. Zile 8 za shuleni ni chache kuliko 9 za zahanati, basi kazi imekwisha. Njia ya zahanati haiwezi tena kuwa fupi, kwa kuwa hata kuifika zahanati yenyewe ni mbali kuliko kufika shuleni. Umepata njia ya dakika 8: nyumbani, kisimani, sokoni, shuleni. Hukutumia ila kujumlisha na kulinganisha.

Sasa jiulize: je, kama mchora ramani hakukichora kile kichochoro cha dakika 1? Kanuni haitakosea hata kidogo katika hesabu zake. Itajumlisha vema, italinganisha vema, nayo itakuambia kwa uhakika kamili kwamba njia fupi ni ya dakika 9. Hapo ndipo penye jambo ambalo nataka ulishike katika insha hii yote. Mashine haipimi njia. Mashine hupima ramani. Njia isiyo katika ramani, kwa mashine, haipo duniani.

Basi swali kubwa likawa hili: nani ataziingiza barabara za dunia katika kompyuta, naye ataingiza zipi? Hapa historia yetu yapita katika Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa akifanya kazi Ottawa katika Kanada, katika kampuni iliyopima nchi kwa kutumia picha zipigwazo kutoka angani. Kampuni hiyo ilishughulikia kutafuta mahali pa kupanda miti katika Kenya, kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Kazi hiyo ilitaka ramani nyingi za nchi ile ile zilinganishwe, moja juu ya nyingine, ili pajulikane mahali ambapo masharti yote yametimia. Gharama ya kufanya hivyo kwa mikono ilionekana kubwa mno. Tomlinson akajiuliza kama kompyuta haingeweza kuifanya kazi hiyo. Fikira hiyo, iliyochochewa na milima na misitu ya Kenya, ilizaa matunda Kanada, ambako katika miaka iliyofuata alisimamia kuundwa kwa mfumo wa kuhifadhi na kuchambua ramani kwa kompyuta. Mfumo huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa namna yake.

Karibu na wakati huo Marekani ilikuwa na haja nyingine. Idara ya sensa ilitaka kujua kila anwani imo katika eneo gani. Mwaka 1967, katika mji wa New Haven, watumishi wake walitengeneza njia mpya ya kuandika mitaa: kila kipande cha barabara kiliandikwa pamoja na ncha zake mbili, na pamoja na eneo lililo kushoto na lililo kulia kwake. Bila shaka, msomaji, umeitambua fikira ya Euler: alama na mistari, kipi kimeungana na kipi. Kwa sensa ya mwaka 1990 barabara za Marekani nzima zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa namna hiyo.

Wakati barabara zilipokuwa zikiingizwa katika mashine, wengine walijitahidi kuongeza kasi ya hesabu. Kanuni ya Dijkstra huenea pande zote kama maji yamwagikayo sakafuni. Hutafuta nyuma yako hali wewe wataka kwenda mbele. Mwaka 1968 Hart, Nilsson na Raphael, waliokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford wakishughulika na mashine yenye kujiendesha yenyewe, walitangaza kanuni iliyoongeza busara ndogo: kabla ya kuchagua mahali, kadiria pia umbali uliobaki hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo utafutaji huelekea kule uendako. Mwaka 2008 wataalamu wa Karlsruhe katika Ujerumani waliendelea mbele zaidi. Waliifundisha kompyuta kuzipanga barabara mapema kwa cheo, na kuweka mikato kati ya makutano makuu, ili swali likiulizwa sehemu kubwa ya kazi iwe imekwisha kufanyika. Kwa njia hiyo kompyuta iliweza kutafuta katika ramani ya Ulaya ya Magharibi yenye makutano kama milioni 18, ikatoa jawabu katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Lakini kasi si ujuzi. Mtu aweza kujibu upesi na jawabu lake likawa pungufu. Upungufu wenyewe ulikuwa katika ramani. Ramani nzuri zilikuwa mali ya serikali na makampuni, nazo ziliuzwa kwa bei ghali. Mambo mawili yalibadili hali hiyo. La kwanza, mwezi wa Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake zionyeshazo mahali, na tangu siku hiyo kifaa kidogo cha mkononi kikaweza kumwonyesha raia wa kawaida mahali aliposimama kwa makosa ya mita chache tu. La pili, mwaka 2004 Steve Coast, kijana wa Uingereza, alianzisha OpenStreetMap, yaani ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila malipo. Haba na haba hujaza kibaba. Mmoja alichora mtaa wake, mwingine kijiji chake, na ramani ikakua.

Hata hivyo haikukua sawasawa kila mahali. Mpaka mwaka 2009 Kibera, mtaa wa Nairobi wenye watu wengi mno, ulionekana katika ramani hiyo kama doa tupu. Maelfu ya watu waliamka humo kila asubuhi, wakapita katika vichochoro vyao kwenda kazini, wakachota maji, wakawapeleka watoto shuleni. Lakini kwa mashine hapakuwa na njia hata moja ya kupitia. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walishika vifaa vya setilaiti mikononi, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakaandika mahali pa maji, zahanati, shule na vyoo. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Hawakujenga barabara mpya hata moja. Waliziandika zile zilizokuwapo, na kuandika huko kukawa ni kusema: sisi pia tupo.

Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Mgonjwa akizidiwa usiku, mwenye gari la kumchukua huuliza atapita wapi. Moto ukizuka, wazima moto huuliza maji yako wapi. Mtu apangaye mahali pa kujenga zahanati mpya huuliza ni watu wangapi walio mbali na zahanati ya zamani, naye hupima umbali huo kwa njia zilizomo katika ramani. Pasipo na njia katika ramani, hesabu yake haitawaona watu wa pale, ijapokuwa yeye mwenyewe ni mtu mwema asiye na nia ya kuwadhulumu.

Matatu za Nairobi nazo zilikuwa na kisa kama hicho. Zilibeba umati wa watu kila siku, na kila abiria alizijua nambari zake na vituo vyake, lakini ujuzi huo ulikaa katika vichwa vya makondakta, madereva na wasafiri. Mwenye kuiuliza programu ya ramani apande matatu ipi hakupata jawabu. Ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wataalamu wa vyuo vya Marekani vya Columbia na MIT, kilipoanzisha kazi iliyoitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu hizo wakiwa na simu zao, wakaandika kila kituo na kila njia tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa kwa watu wote, na mwaka 2015 habari hizo ziliingizwa katika ramani za Google. Kilichokuwa kikidhaniwa kuwa fujo kilionekana kuwa na mpango wake, ila mpango huo ulikuwa haujaandikwa.

Limebaki jambo moja. Hata ramani ikikamilika, mashine haijui ni njia ipi iliyo njema mpaka iambiwe wema hupimwa kwa nini. Katika mfano wetu tulipima kwa dakika. Tungeweza kupima kwa mita, au kwa shilingi. Tazama barabara ya juu ya Nairobi itokayo Mlolongo hadi Westlands, yenye kilomita 27 hivi, iliyofunguliwa mwaka 2022. Hiyo hupitwa kwa kulipia. Ukiiambia mashine iokoe dakika, huenda ikakupeleka juu. Ukiiambia iokoe fedha, itakurudisha chini katika barabara ya zamani. Hesabu ni ile ile, ramani ni ile ile, jawabu ni tofauti. Nenda katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na watu hutembea kwa miguu au hupanda punda. Mashine iliyofundishwa njia za magari tu itasema kwamba nyumba nyingi za mji huo hazifikiki, hali wenyeji wamekuwa wakizifikia tangu karne nyingi. Na mama atokaye kazini usiku hapendi njia fupi yenye giza. Hupenda njia ndefu yenye taa na watu. Nani ameiambia mashine hesabu ya mama huyo?

Sisemi haya ili uidharau mashine. Anayemdharau mwalimu kwa kosa moja hupoteza mafunzo mia. Programu ya ramani ni matunda ya akili za watu wengi, tangu Euler na madaraja yake hadi vijana waliotembea Kibera, nayo imewaokoa wengi na usumbufu wa kupotea. Nasema haya ili ujue kuiuliza. Mashine ikikupa njia, nawe uiulize mambo matatu. Ni njia zipi zilizo katika ramani yake, na zipi hazimo? Imepima kwa kipimo gani, dakika, mita au fedha? Nayo imemhesabia nani, mwenye gari, mwenye baiskeli au mtembea kwa miguu?

Kisha urudi kwa yule mgeni wetu aliyesimama mtaani jioni na simu mkononi. Simu yake haikusema uongo. Ilisema yale iliyoambiwa. Wewe nawe hukukosea. Ulisema yale uliyoyaona kwa macho na kuyakanyaga kwa miguu. Mmoja ana hesabu, mwingine ana habari, na hesabu bila habari ni kinu kisagacho bila mahindi. Mwongoze mgeni mpaka nyumba aitafutayo, kwa kichochoro chako, juu ya daraja la magogo, hata penye mwembe. Nawe ukipata nafasi kesho, shuleni au mahali penye kompyuta, kichore kichochoro hicho katika ramani, ili mgeni wa pili asihitaji kungoja mpaka akukute njiani.